Walichora picha za kutupwa, moja ikaishia Ikulu

MSOMAJI mpendwa, hebu tupia jicho ukuta wa sebule yenu. Huenda pana kalenda ya mwaka uliopita ambayo mama amekataa katakata iondolewe kwa sababu picha yake inapendeza. Huenda pia kule mashambani kwa nyanya ukuta mzima ulibandikwa kurasa za magazeti ili kuzuia upepo, nawe ukajifunza kusoma kwa kuzitazama kurasa hizo kabla usingizi haujakuchukua.

Lakini gazeti lilo hilo, likishasomwa, hupelekwa buchani likafungie nyama, ama kioskini likafungie mandazi. Ndiyo hatima ya picha ya gazeti. Asubuhi inapendeza, jioni ni takataka.

Leo nataka nikusimulie habari za wachoraji walioishi Marekani miaka mia moja na ushei iliyopita, ambao riziki yao ilitokana na picha za namna hiyo. Walichorea majarida ya kila wiki na ya kila mwezi. Wachoraji wengine, wale waliochorea matajiri na kumbi za maonyesho, waliwabeza na kusema kwamba hao ni vibarua wanaochorea tumbo.

Hata hivyo, vibarua hao ndio waliowaonyesha Wamarekani sura ya baba, ya mama, ya mtoto na ya taifa lao. Na kama utakavyoona, kuna watu waliowekwa kando katika picha hizo. Kosa hilo lilichukua miaka mingi kabla ya mmoja wao, tayari akiwa mzee, kujaribu kulirekebisha.

Jarida la senti tano

Mwanzoni mwa karne ya 20 hapakuwa na runinga, wala redio ilikuwa haijaingia majumbani. Familia ya Kimarekani iliyotaka hadithi, mapishi, mitindo ya mavazi na habari za dunia ilisubiri jarida. Sheria ya mwaka wa 1879 ilikuwa imepunguza ada ya kutuma majarida kwa posta, na kuanzia mwaka wa 1896 posta ilianza kuwapelekea wakulima barua zao hadi mlangoni. Kwa hivyo, jarida lililochapishwa mjini lilimfikia hata mkulima wa mahindi aliyeishi mbali na stesheni ya gari la moshi.

Mwaka wa 1897, mfanyabiashara Cyrus Curtis wa mjini Philadelphia alinunua jarida lililokuwa likikata roho, Saturday Evening Post, kwa Dola 1,000. Miaka miwili baadaye akamkabidhi uhariri George Horace Lorimer. Nakala moja iliuzwa senti tano. Kufikia mwisho wa mwaka wa 1908, jarida hilo lililokuwa mahututi lilikuwa likiuza zaidi ya nakala milioni moja kila wiki.

Utauliza, faida ilitoka wapi? Senti tano hazikutosha hata kulipia karatasi na wino. Siri ilikuwa matangazo ya biashara. Watengenezaji wa sabuni, magari na nguo walilipa pesa nyingi ili bidhaa zao zionekane na mamilioni ya macho. Macho hayo yalipaswa kunaswa kwanza, na chambo kilikuwa picha.

Jalada ndilo lililokuwa na kazi ngumu zaidi. Wavulana wadogo waliuza Post barabarani na nyumba kwa nyumba. Mpita njia aliyekuwa na haraka zake ilibidi asimame, atabasamu na kutia mkono mfukoni kabla hajafikiria mara mbili. Mchoraji aliyeweza kumsimamisha mtu huyo alikuwa dhahabu kwa wenye majarida, na majarida yenyewe yalikuwa mengi: Harper's, Scribner's, Century, McClure's, Collier's, Ladies' Home Journal, Good Housekeeping na mengineyo.

Kutoka mbao hadi vitone

Kuna jambo jingine lililowafungulia wachoraji hawa milango, nalo ni mtambo.

Zamani, picha haikuweza kuchapishwa hadi ichongwe kwanza kwenye mbao ngumu. Fundi aliketi na kifaa chenye ncha kali, akaondoa kila mahali palipotakiwa kuwa peupe na kubakisha mistari iliyotakiwa kushika wino. Kazi hiyo ilikuwa ya polepole na ya kuchosha macho. Mara nyingi mchoraji alipoiona picha yake imechapishwa alishika kichwa, kwa maana fundi alikuwa amemgeuzia uso wa malkia ukawa wa kizee.

Katika miaka ya 1880 na 1890 ilienea mbinu mpya. Picha ilipigwa kamera kupitia kioo chenye mistari myembamba mno iliyopishana, ikavunjika kuwa vitone maelfu kwa maelfu. Penye giza vitone vikawa vikubwa, penye mwanga vikawa vidogo. Jicho likivitazama kwa mbali, huona picha kamili.

Ukitaka kuhakikisha, chukua kioo cha kukuza ukitazame kwa makini picha yoyote iliyochapishwa katika gazeti. Vitone hivyo bado vipo!

Tangu hapo mchoraji aliweza kutumia rangi za mafuta na brashi kwenye turubai kubwa, akijua kwamba mtambo ungeipunguza kazi yake hadi kimo cha ukurasa bila kuiharibu sana. Rangi, hata hivyo, zilikuwa ghali kuchapisha. Kwa miaka mingi majalada ya Post yalitumia rangi mbili tu, nyeusi na nyekundu, na ndiyo maana katika majalada ya kale utaona skafu nyekundu, kofia nyekundu au soksi nyekundu. Jarida hilo lilianza kuchapisha majalada yenye rangi kamili mwaka wa 1926.

Mwalimu asiyetoza karo

Mzee wa kazi hii alikuwa Howard Pyle, aliyezaliwa Wilmington katika jimbo la Delaware mwaka wa 1853. Aliandika na kuchora mwenyewe vitabu vya watoto, kikiwemo kile cha visa vya Robin Hood kilichotoka mwaka wa 1883. Maharamia wa baharini aliowachora ndio waliowafunza wachoraji wengi waliomfuata jinsi haramia anavyopaswa kuonekana.

Mwaka wa 1894 Pyle alianza kufundisha katika chuo cha Drexel mjini Philadelphia. Baadaye aliona kwamba wengi darasani walikuwa wakipoteza wakati wake na wao. Mwaka wa 1900 akaacha kazi hiyo, akafungua shule yake mwenyewe Wilmington na kuwachagua wanafunzi wachache tu kati ya wengi walioomba. Hakuwatoza karo ya masomo. Walijilipia tu mahali pa kufanyia kazi na vifaa.

Somo lake kuu halikuwa la mistari wala la vivuli. Aliwafundisha kwamba mchoraji hana budi kuingia ndani ya picha yake. Ukichora askari amesimama kwenye baridi, sharti nawe utetemeke. Ukichora meli inazama, maji yakufike kifuani. Msomaji wa jarida hatadanganyika, kwani picha ambayo mchoraji wake hakuhisi chochote, naye hatahisi chochote akiitazama.

Pyle alifariki Florence, nchini Italia, mwaka wa 1911. Watu wa mji wake wakachanga pesa kununua kazi zake zisitawanyike, na mkusanyiko huo ndio uliozaa Jumba la Sanaa la Delaware.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo kijana mwenye mwili mkubwa kutoka Massachusetts, N. C. Wyeth. Alijiunga na shule hiyo mwishoni mwa mwaka wa 1902, na mnamo Februari 1903 picha yake ya mchunga ng'ombe akirushwarushwa na farasi mkaidi ilikuwa jalada la Post. Hakuwa ametimiza hata miaka 21!

Cha kuchekesha ni kwamba Wyeth alikuwa hajawahi kukanyaga huko magharibi kwenye wachunga ng'ombe. Mwaka wa 1904 alifunga safari akaenda kufanya kazi pamoja nao na hata kubeba barua kwa farasi. Alikuwa amelielewa somo la mwalimu wake.

Mwaka wa 1911 alichora picha za kitabu cha Treasure Island, kisa cha maharamia na hazina iliyozikwa. Malipo yake yalimwezesha kununua shamba huko Chadds Ford, Pennsylvania, na kujenga nyumba na chumba cha kazi. Ungedhani mtu kama huyo angeridhika. La, hasha. Hadi alipofariki mwaka wa 1945, gari lake lilipogongwa na gari la moshi, Wyeth alikuwa na kidonda moyoni. Alitamani kuitwa mchoraji kamili, wala si mchoraji wa vitabu na majarida. Mwanawe, Andrew Wyeth, ndiye aliyekuja kupata sifa hiyo ambayo baba aliililia.

Mwalimu wa chekechea

Usidhani kazi hii ilikuwa ya wanaume pekee. Katika darasa la Pyle kule Drexel walikuwemo wanawake, na watatu kati yao, Jessie Willcox Smith, Elizabeth Shippen Green na Violet Oakley, walikodi nyumba pamoja, wakagawana gharama na kufanya kazi usiku na mchana.

Jessie, aliyezaliwa mwaka wa 1863, alikuwa amesomea kufundisha watoto wa chekechea. Kazi ya kuinamia watoto kutwa ilimuumiza mgongo. Siku moja alimsindikiza jamaa yake kwenye somo la kuchora, akashika penseli naye kwa kujaribu tu, na hapo ndipo kipaji chake kilipojulikana.

Watoto aliokuwa akiwainamia darasani hakuwaacha. Aliwachora wakioga, wakisoma, wakiwa wamekumbatiwa na mama zao. Yeyote aliyewahi kujaribu kumtuliza mtoto wa miaka minne kwenye studio ya picha anajua hiyo ni kazi ya aina gani. Jessie alikuwa na dawa yake: aliwasimulia hadithi huku mkono wake ukichora, nao wakatulia, macho yamewatoka, wakingojea kujua kilichompata bintimfalme.

Kuanzia Desemba 1917 hadi mwaka wa 1933 alichora jalada la Good Housekeeping kila mwezi. Hebu piga hesabu mwenyewe, msomaji. Akina mama wa taifa zima walijua mtoto mwenye afya na furaha anafananaje kwa kutazama watoto wa mwanamke ambaye hakuolewa wala kuzaa.

Wapenzi wa mtu asiyekuwepo

Kama Jessie aliwapa Wamarekani mtoto, Charles Dana Gibson aliwapa msichana. Gibson aliuza mchoro wake wa kwanza kwa jarida la vichekesho la Life mwaka wa 1886, akalipwa Dola nne. Kisha akaanza kuchora kwa kalamu na wino msichana mrefu, shingo ndefu, nywele zimerundikwa juu ya kichwa, anayeendesha baiskeli na kuwatazama wanaume kana kwamba ni wanasesere wake. Wakamwita Msichana wa Gibson.

Wasichana wa kweli walianza kurundika nywele vivyo hivyo na kushona blauzi kama zake. Haukupita muda, Collier's ikamwahidi Gibson Dola 100,000 kwa michoro 100. Kutoka Dola nne hadi Dola 1,000 kwa mchoro mmoja! Kweli, kizuri chajiuza.

Mwanamume naye aliletwa na Joseph Christian Leyendecker, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Chicago na wazazi wake mwaka wa 1882 akiwa mtoto. Enzi hizo mashati yaliuzwa bila kola, na kola zikanunuliwa kando. Kampuni iliyotengeneza kola za Arrow ilimtaka Leyendecker awachoree matangazo. Akamchora kijana mtanashati, mabega mapana, kidevu kilichochongoka, macho ya mtu asiyedaiwa na yeyote.

Inasimuliwa kwamba wanawake walimwandikia kijana huyo barua za mapenzi kwa mafurushi, wengine wakiomba kuolewa. Masikini, hawakujua kwamba wanamwandikia rangi na turubai. Aliyesimama mbele ya Leyendecker mara nyingi ili achorwe alikuwa Charles Beach, mwandani wake na msimamizi wa shughuli zake kwa karibu miaka 50.

Leyendecker alichorea Post majalada zaidi ya 300 tangu mwaka wa 1899 hadi mwaka wa 1943. Kila mwaka mpya ulipoingia alichora kitoto kichanga kikiukaribisha. Alijenga jumba huko New Rochelle karibu na New York, akaishi kifalme.

Mambo hubadilika. Mhariri mpya alipoingia Post, simu ziliacha kulia. Leyendecker alifariki mwaka wa 1951, dunia ikiwa imeanza kumsahau, na nyingi za kazi zake zikauzwa nje ya nyumba kwa bei ya chini mno, kama mitumba ya Gikomba jioni muuzaji anapotaka kwenda zake. Mwaka wa 2021, picha aliyochorea jalada la mwaka wa 1914, ya mchezaji kandanda wa Kimarekani aliyejeruhiwa, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya Dola milioni nne.

Kidole cha Mjomba Sam

Nguvu ya picha hizi iliifikia hata serikali. Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza mwezi wa Aprili 1917, Gibson aliwekwa kuwa kiongozi wa wachoraji waliotengeneza mabango ya kuhamasisha raia.

Bango moja bila shaka umewahi kuliona. Mzee mwenye nywele nyeupe na kidevu chenye ndevu za mbuzi, amevaa kofia ndefu yenye nyota, amekukazia macho na kukuelekezea kidole. Huyo ni Mjomba Sam, na aliyemchora ni James Montgomery Flagg. Picha hiyo ilitokea kwanza kwenye jalada la jarida la Leslie's mnamo Julai 1916. Wazo lenyewe alilitoa kwenye bango la Waingereza la mwaka wa 1914 lililokuwa na sura ya Kitchener.

Flagg hakutaka kumlipa mtu aje kuketi achorwe. Alijitazama kwenye kioo, akajizeesha, akajiongezea ndevu, na kwa uso wake mwenyewe akawaita vijana jeshini. Zaidi ya nakala milioni nne zilichapishwa katika miaka ya 1917 na 1918. Msomaji, hapo utaona kwamba picha si mchezo. Mkono uliozoea kuuza kola na sabuni uliweza pia kuwashawishi vijana waende vitani.

Kijana na kigari cha mtoto

Miongoni mwa vijana waliomhusudu Leyendecker alikuwemo mmoja mwembamba, shingo ndefu, aliyeishi mji mmoja naye wa New Rochelle. Jina lake Norman Rockwell, mzaliwa wa New York mwaka wa 1894. Alikuwa akienda stesheni kumtazama tu shujaa wake akishuka kwenye gari la moshi.

Mwaka wa 1916 Rockwell alijipa moyo, akabeba kazi zake hadi Philadelphia kwenye ofisi za Post. Zilipendwa. Tarehe 20 Mei mwaka huo jalada lake la kwanza likatoka. Linaonyesha mvulana aliyelazimishwa kuvaa suti na kofia, anasukuma kigari cha mtoto huku chupa ya maziwa imechomoza mfukoni, nao wenzake wawili waliovalia nguo za mchezo wanamcheka. Mvulana mmoja tu ndiye aliyesimama kuchorwa sura zote tatu. Mchoraji alilipwa Dola 75.

Kila aliyewahi kuachiwa mdogo wake ambebe wakati wenzake wanacheza mpira aliielewa picha hiyo bila kusoma neno lolote. Huo ndio uliokuwa ufundi wa Rockwell. Alitafuta sura miongoni mwa majirani zake. Watoto walipochoka kukaa kimya, alipanga mnara wa sarafu mezani, na kila baada ya muda alihamisha chache upande wa mtoto, naye akaona utajiri wake ukiongezeka mbele ya macho yake.

Kwa miaka 47 alichorea Post, naye pia akapita majalada 300. Mwaka wa 1943 alichora picha nne za uhuru ambao Rais Franklin Roosevelt alikuwa ameutaja: uhuru wa kusema, wa kuabudu, wa kutokuwa na njaa na wa kutokuwa na hofu. Zilitembezwa nchi nzima, na maonyesho hayo yakasaidia serikali kukusanya zaidi ya Dola milioni 130 za kugharimia Vita Vikuu vya Pili.

Nani hayumo?

Sasa, msomaji, zipange picha hizi zote mezani. Msichana wa Gibson, kijana wa Leyendecker, watoto wa Jessie, majirani wa Rockwell. Zitazame polepole. Je, unaona kinachokosekana?

Wamarekani weusi walikuwa mamilioni. Walilima, walijenga reli, walipigana vitani, walilea watoto, walikwenda kanisani kila Jumapili. Katika majarida haya makubwa, kama walitokea, basi walibeba mizigo, walipika au walichekesha watu. Mtoto mweusi aliyelitazama jarida la senti tano wiki baada ya wiki alifunzwa kwamba katika taifa lake yeye si mwana wa nyumbani, bali ni mtumishi.

Haikuwa bahati mbaya. Rockwell mwenyewe alieleza uzeeni kwamba mhariri Lorimer alimwambia asiwachore weusi ila katika kazi za utumishi. Jalada lake la Desemba 1946 linaonyesha mvulana mzungu ndani ya behewa la chakula akihangaika kupiga hesabu ya pesa za mlo wake. Mtu mweusi yupo pale, amesimama kando yake akisubiri. Ni mhudumu.

Wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka wa 1910 msomi W. E. B. Du Bois alianzisha jarida la The Crisis, na humo Wamarekani weusi walijiona kwenye jalada wakiwa na heshima zao: wahitimu wa vyuo, akina mama, watoto waliochanwa nywele vizuri. Mchoraji Laura Wheeler Waring alilipamba jarida hilo kwa miaka mingi. Aaron Douglas, aliyefika Harlem mwaka wa 1925, alileta michoro yenye vivuli vikali na maumbo yaliyotokana na vinyago vya Afrika. Katika miaka ya 1920 na 1921 kukawa hata na jarida la watoto weusi, The Brownies' Book.

Ila nakala zao zilihesabiwa kwa maelfu, za wenzao kwa mamilioni. Mgala muue na haki yake mpe: Post ilichapisha picha nzuri. Lakini uzuri huo ulikuwa wa nyumba iliyomfungia nje mmoja wa watoto wake.

Mzee wa miaka 69 aanza upya

Kufikia miaka ya 1950 runinga ilikuwa imeingia majumbani, na kamera ilikuwa imechukua nafasi ya brashi. Collier's ilifungwa mapema mwaka wa 1957. Wachoraji wengi walikosa kazi. Rockwell bado alikuwa Post, tajiri, anapendwa, na angeweza kumalizia siku zake akichora wavulana na mbwa wao.

Hakufanya hivyo. Mwaka wa 1963, akiwa na miaka 69, aliiacha Post akajiunga na jarida la Look. Toleo la tarehe 14 Januari 1964 lilibeba picha yake ambayo wengi hawakuitarajia.

Ndani yake yumo msichana mmoja mweusi, mdogo, gauni jeupe, viatu vyeupe, mkononi daftari na rula. Mbele yake wanatembea maafisa wawili wa serikali, nyuma yake wawili. Vichwa vyao vimekatwa na ukingo wa picha, kwa hivyo uso pekee unaouona wazi ni wa mtoto. Ukutani nyuma yake limeandikwa tusi la kibaguzi, na nyanya aliyorushiwa imepasuka ikaacha doa jekundu.

Kisa hicho ni cha kweli. Ruby Bridges alikuwa na miaka sita aliposindikizwa na maafisa kuingia shule ya wazungu mjini New Orleans tarehe 14 Novemba 1960, umati ukimzomea. Wazazi wazungu waliwaondoa watoto wao, naye akasoma peke yake na mwalimu mmoja karibu mwaka mzima.

Barua zilimiminika kwenye ofisi za Look. Wengine walimshukuru mzee, wengine wakamwita msaliti. Tazama lakini, mbinu ni zile zile za jalada la mwaka wa 1916: mtoto mmoja, hisia moja, kisa kinachoeleweka kabla hujasoma neno. Kilichobadilika ni mtoto aliyewekwa katikati ya picha.

Julai 2011 picha hiyo ilining'inizwa katika Ikulu ya White House, hatua chache kutoka ofisi ya Rais. Siku moja mwezi huo Rais alisimama mbele yake pamoja na Ruby Bridges mwenyewe, tayari mama mtu mzima. Rais alikuwa Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mkenya kutoka Nyanza. Alimwambia Ruby kwamba pengine bila watu kama yeye, hata yeye Obama asingekuwa mahali pale.

Ile ilikuwa picha ya jarida, msomaji. Iliagizwa, ikalipiwa, ikachapishwa, na wiki mbili baadaye nakala nyingi bila shaka zilikuwa zimeshatupwa.

Wachoraji wa tumbo

Leo wale waliodharauliwa wana majumba yao ya ukumbusho. La Rockwell liko Stockbridge, Massachusetts, na kazi za kina Wyeth ziko Chadds Ford. Mwaka wa 2013 picha ya Rockwell ya bibi mzee na mjukuu wake wakiomba kabla ya kula, iliyokuwa jalada la Post mwaka wa 1951, iliuzwa kwa Dola milioni 46. Post yenyewe ilisitisha uchapishaji mwaka wa 1969.

Basi mwanao akichora nyuma ya daftari la hesabu, usimkimbilie na mwiko. Keti naye. Muulize ni nani aliowachora, na wanafanya nini. Halafu muulize swali ambalo wahariri wa senti tano hawakutaka liulizwe: na nani amebaki nje ya picha hii?

Na gazeti likishasomwa nyumbani kwenu, kabla halijapelekwa buchani, lipekue tena mara moja. Pengine humo pana picha inayostahili kubandikwa ukutani kwa nyanya.